Kutoka namba hadi jina: namna Marekani na Kanada zinavyomtafuta mtumiaji wa intaneti asiyejulikana

Marekani na Kanada zinapakana, raia wake hutazama filamu zile zile, na kampuni zinazodai kuibiwa kazi zao huwa mara nyingi ni zile zile. Hata hivyo, kampuni ya filamu au ya muziki inapotaka kumjua mtu aliyesambaza kazi yake mtandaoni bila idhini, kila nchi ina njia yake. Mwanzoni mwa njia hizo mbili pana kitu kimoja tu: namba. Mwisho wake pana jina, anwani ya nyumba na, pengine, madai ya maelfu ya dola.

Swali linalozishughulisha mahakama kwa zaidi ya miaka 20 sasa ni hili: nani asimame kati ya namba na jina, na jina likishatolewa, je, limethibitisha kosa? Jibu lina uzito kwa wasanii wanaotafuta haki yao. Lina uzito pia kwa familia za wahamiaji, wakiwemo wasemaji wa Kiswahili katika nchi hizo, ambako aghalabu mtu mmoja huandikisha huduma ya intaneti kwa jina lake na ndugu, wapangaji na wageni wakaitumia.

Namba inasema nini, na haisemi nini

Kila kifaa kinachoingia mtandaoni huonekana kwa anwani ya IP, yaani mfululizo wa tarakimu unaowezesha taarifa kufika mahali pake. Anwani hiyo hutolewa na kampuni inayouza huduma ya intaneti. Katika nyumba nyingi, simu, kompyuta na televisheni zote huonekana kwa anwani moja, ile ya kifaa kinachosambaza intaneti ndani ya nyumba. Aidha, anwani hiyo inaweza kubadilika: leo ni ya mteja huyu, mwezi ujao ikawa ya mwingine.

Katika mifumo ya kubadilishana faili kama BitTorrent, filamu haitoki kwenye hazina moja. Hukatwa vipande vidogo, na kila anayeipakua huwapa wenzake vipande alivyokwisha kuvipata. Kwa hiyo, mtu anayedhani anachukua tu, huwa pia anagawa. Mfumo huo pia huonyesha anwani za IP za wote walio katika mabadilishano. Kampuni za upelelezi zinazoajiriwa na wenye hakimiliki hujiunga humo, zikapokea vipande, kisha zikaandika anwani, jina la faili, tarehe na saa.

Baada ya hapo upelelezi hukwama. Orodha ya umma inaweza kuonyesha kwamba anwani fulani ni ya kampuni fulani ya intaneti, na pengine mji ilipo. Haionyeshi mteja ni nani. Anayejua ni kampuni ya intaneti pekee, kwa kulinganisha anwani hiyo na kumbukumbu zake za siku na saa iliyotajwa. Hapo ndipo saa inapokuwa na maana kubwa: kosa dogo la muda, au kuchanganya majira ya eneo moja na jingine, linaweza kumtaja mtu ambaye hakuwa na anwani hiyo wakati huo.

Hata kumbukumbu zikiwa sahihi, jina linalopatikana ni la anayelipia huduma. Namba haisemi nani alikuwa ameketi mbele ya kompyuta.

Marekani: kutoka meza ya karani hadi mbele ya jaji

Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya hakimiliki ya zama za kidijitali, maarufu kwa kifupi chake DMCA. Kifungu kimoja cha sheria hiyo kinampa mwenye hakimiliki njia ya mkato: anapeleka maombi kwa karani wa mahakama, na karani, iwapo karatasi zimekamilika, hutoa hati ya kuitaka kampuni imtaje mhusika. Hakuna kesi inayofunguliwa kwanza, wala jaji anayepima ushahidi.

Chama cha kampuni za muziki za Marekani, RIAA, kilitumia njia hiyo dhidi ya kampuni ya Verizon. Verizon ilikataa kumtaja mteja, nayo mahakama ya mwanzo ikaiamuru imtaje. Tarehe 19 Desemba 2003, Mahakama ya Rufaa ya mjini Washington ilitengua amri hiyo. Ilieleza kwamba kifungu hicho kinahusu kampuni zinazohifadhi faili katika mitambo yake, si kampuni ambayo faili hupita tu katika nyaya zake zikitoka kompyuta ya mtu mmoja kwenda ya mwingine.

Kabla ya hukumu hiyo, mnamo Septemba 2003, RIAA ilikuwa imewashitaki watu 261 kwa mara moja. Miongoni mwa walioguswa alikuwamo msichana wa miaka 12 wa mjini New York. Madai dhidi yake yalimalizwa kwa malipo ya dola 2,000. Miaka miwili baadaye, orodha ya washitakiwa ilionekana kuwa na jina la bibi kizee aliyekuwa amekwisha kufariki dunia. Matukio hayo yaliwaonyesha wananchi jinsi jina la mteja linavyoweza kuwa mbali na mtendaji.

Njia ya karani ilipofungwa, kampuni za muziki ziligeukia kesi dhidi ya watu wasio na majina. Katika desturi ya mahakama za Kiingereza, mtu asiyejulikana huitwa John Doe, kama ambavyo Waswahili husema fulani bin fulani. Mnamo Januari 2004 zilifunguliwa kesi dhidi ya watu 532 wa namna hiyo, kila mmoja akitambulishwa kwa anwani ya IP. Mdai hufungua kesi kwanza, kisha humwomba jaji ruhusa ya kuiagiza kampuni ya intaneti itoe majina. Kwa njia hiyo mlango ulibaki wazi, lakini sasa ulikuwa na jaji mlangoni.

Mwaka huo huo wa 2004, Jaji Denny Chin wa New York aliweka vipimo vitano katika kesi ya kampuni ya Sony dhidi ya watu 40 wasiojulikana. Mahakama hutazama kama mdai ameonyesha madai yenye mashiko. Kama anaomba taarifa mahususi. Kama hakuna njia nyingine ya kuzipata. Kama taarifa hizo ni za lazima ili kesi iendelee. Na kama mtumiaji ana matarajio ya faragha yanayostahili kulindwa. Kwa kawaida, anayedaiwa kugawa kazi za watu bila idhini hushindwa katika kipimo hicho cha tano. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ya eneo la New York iliuunga mkono utaratibu huo.

Kuna kinga moja ambayo wateja wengi hawaijui. Sheria ya Marekani inayosimamia kampuni za televisheni ya waya, ambazo nyingi huuza pia intaneti, inataka mteja aarifiwe kabla ya jina lake kutolewa kwa amri ya mahakama. Ndiyo maana hufika barua kutoka kwa kampuni ya intaneti ikisema kwamba jina litatolewa baada ya siku kadhaa. Katika siku hizo mteja anaweza kuiomba mahakama ifute hati hiyo, au imruhusu aendelee na kesi bila jina lake kutangazwa.

Biashara ya barua

Mwishoni mwa mwaka 2008 RIAA ilitangaza kuachana na kesi za halaiki. Wakati huo idadi ya watu waliokuwa wameguswa ilikadiriwa kufikia 35,000. Lakini wengine waliichukua njia ile ile, safari hii kwa filamu, nyingi zikiwa za ngono.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Ada moja ya kufungulia kesi iliweza kuwahusisha maelfu ya watu wasiojulikana. Majina yakipatikana, kila mmoja hutumiwa barua ya kumtaka alipe ili yaishe. Sheria ya Marekani inaruhusu fidia ya kati ya dola 750 na dola 30,000 kwa kila kazi, na hadi dola 150,000 ikithibitika kwamba kosa lilikuwa la makusudi. Mtu anayeambiwa alipe dola elfu chache, huku akitishiwa laki na zaidi, pamoja na aibu ya jina lake kuhusishwa na filamu ya ngono, huweza kulipa hata kama hakutenda. Wakili peke yake angemgharimu zaidi.

Mfano uliokithiri ni wa mawakili wa kampuni iliyojulikana kama Prenda Law. Mwezi Mei 2013 Jaji Otis Wright wa California aliwaadhibu kwa kuihadaa mahakama. Mwaka uliofuata, katika kesi iliyohusu watu 1,058 wasiojulikana, Mahakama ya Rufaa ya Washington iliamua kwamba mdai hawezi kuomba majina ya watu wasioonekana kuishi katika eneo la mahakama hiyo, wala kuwafunga pamoja kwa sababu tu walipakua filamu moja kwa nyakati tofauti. Upelelezi wa jinai ulibaini baadaye kwamba wahusika wakuu waliziweka wenyewe filamu mtandaoni ili kuwanasa wanaozipakua. Wawili kati yao, Paul Hansmeier na John Steele, walikiri mashitaka. Mwaka 2019 Hansmeier alihukumiwa kifungo cha miaka 14 na Steele miaka mitano.

Haimaanishi kwamba kila anayeomba majina ni tapeli. Prenda ilionyesha kitu kingine: kwa baadhi ya wadai, amri ya kutaja jina ndiyo ilikuwa kesi yenyewe. Hawakuwa na nia ya kufika mbele ya jaji kuthibitisha lolote.

Kizingiti cha jina na kizingiti cha hatia

Mahakama za Marekani zimelazimika kutenganisha mambo mawili: kiasi gani cha ushahidi kinatosha kulipata jina, na kiasi gani kinatosha kumtia mtu hatiani.

Tarehe 27 Agosti 2018, Mahakama ya Rufaa ya eneo la magharibi iliamua kesi iliyohusu filamu iitwayo The Cobbler. Anwani ya IP ilikuwa ya mwenye nyumba ya kuwalea watu wazima, ambamo wakazi na wageni kadhaa walitumia intaneti. Mahakama ilisema kuwa mwenye huduma hiyo tu, bila jambo jingine linalomhusisha na kosa, hakutoshi kujenga madai dhidi ya mtu. Mdai aliamriwa pia kulipa gharama za wakili wa mshitakiwa, zaidi ya dola 17,000.

Miezi michache baadaye, mnamo Novemba 2018, Jaji Royce Lamberth wa Washington alikwenda mbali zaidi: aliikatalia kampuni ya Strike 3 Holdings hata hati ya kupata jina. Lakini Julai 2020 Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo. Ilieleza kwamba aina ya filamu na sifa ya mdai haviwezi kumnyima nafasi ya kutafuta aliyemkosea, na kwamba katika hatua ya mwanzo inatosha kuwa kuna uwezekano wa kuridhisha kwamba mteja ndiye mtendaji au atasaidia kumpata.

Hukumu hizo mbili zikisomwa pamoja, msimamo unaonekana: kizingiti cha kupata jina ni kifupi, kizingiti cha kushinda kesi ni kirefu. Hatari ipo katikati, kwa kuwa wengi hulipa kabla ya kufika kizingiti cha pili.

Kanada: utaratibu wenye asili ya Uingereza

Mahakama za Kanada zilianzia kwingine. Mwaka 1973 Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, wakati huo ikiwa sehemu ya Bunge la Mabwana, iliamua kesi ya kampuni ya dawa ya Norwich Pharmacal. Kampuni hiyo ilikuwa na hataza ya dawa, na ilijua kwamba dawa hiyo inaingizwa nchini na watu wengine. Idara ya forodha iliwajua waingizaji lakini ilikataa kuwataja. Mahakama ilisema kwamba mtu aliyehusika katika kosa la mwingine, hata kama hana hatia mwenyewe, anaweza kuamriwa kumsaidia aliyekosewa kwa kumtaja mkosaji. Kutoka forodha hadi kampuni ya intaneti, hoja ni moja: huyu si mkosaji, lakini kosa limepita mikononi mwake.

Mwaka 2004 kampuni za muziki za Kanada ziliomba majina ya wateja 29 wa kampuni kadhaa za intaneti, ambao kila mmoja alidaiwa kuweka zaidi ya nyimbo 1,000 mahali ambapo wengine waliweza kuzichukua. Mahakama ya Shirikisho ilikataa. Mnamo Mei 2005 Mahakama ya Rufaa nayo ilikataa, kwa sababu ushahidi ulikuwa wa kusikia kutoka kwa wengine na ulikuwa umechakaa kiasi kwamba ungeweza kumtaja mtu asiyehusika. Papo hapo ililegeza sharti la msingi: mdai hahitaji kuthibitisha kesi yake mapema, mradi aonyeshe kwamba ana madai ya kweli na nia ya kuyafuatilia mahakamani, na kwamba maslahi ya haki yanazidi maslahi ya faragha.

Sharti hilo la nia ya kweli lilipata nguvu mwaka 2014, kampuni ya filamu ya Voltage Pictures ilipoomba majina ya wateja wapatao 2,000 wa kampuni ya TekSavvy. Mahakama ilikubali, ila ikiwa imeona yaliyotokea ng'ambo ya mpaka, iliweka masharti. Kesi iwe chini ya usimamizi wa jaji. Barua yoyote ya kupelekwa kwa wateja ipitiwe kwanza na mahakama. Tena barua hiyo ieleze waziwazi kwamba hakuna mahakama iliyokwisha kuamua kuwa mpokeaji amekosa au anadaiwa chochote.

Ilani kwanza, jina baadaye

Bunge la Kanada nalo lilifanya mabadiliko mawili yaliyopunguza mvuto wa biashara ya barua. La kwanza, katika marekebisho ya sheria ya mwaka 2012, lilikuwa kuweka ukomo wa fidia ya kisheria kwa anayetumia kazi bila lengo la biashara: kati ya dola 100 na dola 5,000 za Kanada kwa makosa yote katika kesi, si kwa kila kazi.

La pili ni utaratibu wa ilani, ulioanza kutumika Januari 2015. Mwenye hakimiliki huipelekea kampuni ya intaneti ilani yenye anwani ya IP na maelezo ya kosa linalodaiwa. Kampuni inalazimika kuipeleka kwa mteja wake, bila kumtaja mteja huyo kwa mlalamikaji. Inatakiwa kutunza kumbukumbu za kumtambua kwa miezi sita, au mwaka mmoja kesi ikifunguliwa. Mteja anaonywa huku jina lake likibaki siri.

Baadhi ya walalamikaji waliitumia ilani hiyo kama barua ya madai, wakiweka ndani yake maelekezo ya kulipa. Mnamo Desemba 2018 Bunge lilipiga marufuku jambo hilo: ilani isiwe na ombi la malipo au la taarifa binafsi, ofa ya kumaliza shauri, wala kiungo cha kufikia vitu hivyo.

Nani alipe gharama ya kutafuta jina?

Voltage ilirudi na mbinu nyingine: kesi ya kundi iliyopinduliwa. Katika kesi ya kundi ya kawaida, wengi hushirikiana kumshitaki mmoja. Hapa mmoja alitaka kuwashitaki wengi, wanaokadiriwa kufikia 55,000, kupitia mtu mmoja atakayewakilisha kundi zima. Ili kumpata huyo mmoja, Voltage ilihitaji jina kutoka kampuni ya Rogers. Rogers ilitaka ilipwe dola 100 kwa saa kwa kazi ya kumtafuta. Voltage ilisema huduma hiyo lazima iwe bure, kwa kuwa sheria ya ilani imekwisha kuilazimisha Rogers kutunza kumbukumbu.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini lilifika Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada. Kama jina moja ni bure, majina 55,000 ni bure pia, na hakuna kinachomzuia mdai kuvua kwa wavu mpana. Katika hukumu ya tarehe 14 Septemba 2018, mahakama hiyo ilitenganisha kazi mbili. Kupeleka ilani na kutunza kumbukumbu zilizo sahihi ni wajibu wa kampuni bila malipo. Kumtambua mtu kwa jina kwa kutii amri ya mahakama ni kazi ya ziada, na kampuni inaweza kudai gharama zake za haki. Shauri lilirudishwa chini ili kiasi kipimwe.

Katika hukumu hiyo hiyo mahakama ilikumbusha kwamba kuhusishwa na anwani ya IP iliyotajwa katika ilani si uthibitisho wa hatia. Huenda kosa limetendwa na mtu mwingine aliyetumia huduma hiyo.

Hoja hiyo ilipata jibu kamili mwaka 2023. Voltage iliomba hukumu dhidi ya kundi la wateja ambao hawakujibu kesi kabisa, ikidai kwamba kwa kuwa walipokea ilani na hawakuchukua hatua, basi wao ndio waliotenda au walioruhusu. Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilikataa. Kumiliki akaunti ya intaneti hakumfanyi mtu kuwa mkosaji, na kumpa mwingine nafasi ya kutumia huduma si sawa na kumruhusu avunje hakimiliki.

Inafaa kuongeza kwamba katika mashauri ya jinai Kanada imekaza zaidi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu Kabisa iliamua kwamba polisi wanahitaji idhini ya kisheria kabla ya kupata jina la mteja aliye nyuma ya anwani ya IP. Machi 2024 iliamua kwamba hata anwani yenyewe inalindwa na Katiba, kwa sababu namba hiyo ndiyo ufunguo wa kufikia maisha ya mtu mtandaoni.

Upande wa msanii

Si haki kuisimulia habari hii kana kwamba wenye kazi hawana machungu. Anayetengeneza filamu, anayerekodi albamu au anayeandika kitabu hutumia fedha na miaka. Kazi inaposambazwa bure siku ile ile ya kutolewa, hakuna polisi anayemletea jina la msambazaji. Bila amri ya mahakama, haki yake hubaki ya karatasi. Wasanii wa Afrika Mashariki, ambao nyimbo na filamu zao hunakiliwa mjini kabla hawajauza nakala za kutosha, wanalijua jambo hili vizuri.

Katika ukanda huo pia nchi jirani zimefuata njia zisizofanana. Kenya, katika marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 2019, iliweka utaratibu wa mwenye kazi kuitaka kampuni ya intaneti iondoe au izuie maudhui yaliyowekwa bila idhini. Mkazo uko kwenye kazi iliyowekwa, si kwa kila aliyeitazama. Mwaka huo huo ilipata sheria ya kulinda taarifa binafsi. Tanzania, katika sheria yake ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015, iliwapa maofisa wa polisi wa ngazi fulani mamlaka ya kuagiza taarifa zitolewe kwa ajili ya upelelezi. Ubishi uliozuka Tanzania kuanzia Desemba 2016, pale waendeshaji wa mtandao wa JamiiForums waliposhitakiwa kuhusiana na kukataa kutoa taarifa za watumiaji, haukuhusu muziki wala filamu. Lakini swali lilikuwa lile lile: nani ana haki ya kudai jina, na nani amchunguze anayedai?

Barua ikifika nyumbani

Maelezo yafuatayo si mbadala wa ushauri wa wakili, lakini yanaweza kumsaidia mpokeaji kuelewa alichoshika mkononi.

Kwanza, kutambua aina ya barua. Nchini Kanada, ilani iliyopitishwa na kampuni ya intaneti ni onyo. Haimaanishi kwamba jina limetolewa wala kwamba kesi imefunguliwa. Ikiwa ndani yake kuna ombi la malipo au kiungo cha kulipia, haikutimiza masharti ya sheria, na inaweza kuwa hata kazi ya matapeli. Nchini Marekani, barua ya kampuni ya intaneti inayotaja namba ya kesi na jina la mahakama ni jambo jingine: kesi ipo, na siku za kupinga zinahesabika.

Pili, kutopuuza hati ya mahakama. Wateja wa Kanada waliotajwa juu waliokolewa na udhaifu wa madai, si na ukimya wao. Asiyejibu kesi anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa. Namba ya kesi inaweza kuthibitishwa kwa kuipigia simu ofisi ya karani wa mahakama yenyewe, kwa namba iliyopatikana kwingine na si ile iliyoandikwa katika barua.

Tatu, kutokiri wala kulipa kwa hofu kabla ya kupata ushauri. Maneno ya kuomba radhi yanayotumwa kwa wakili wa mdai huweza kugeuka ushahidi. Vituo vya msaada wa kisheria na zahanati za sheria za vyuo vikuu huwahudumia watu wenye kipato kidogo, na asiyeimudu lugha ya barua ana haki ya kutafuta mkalimani kabla ya kutia saini chochote.

Nne, kutofuta chochote katika kompyuta au simu baada ya kujua kuna kesi. Kufuta kunaweza kutafsiriwa kuwa ni kuharibu ushahidi, na huweza pia kupoteza kile ambacho kingemsafisha mtu asiye na hatia.

Mwisho, kujua nani anatumia intaneti ya nyumba. Nywila imara na mazungumzo ya wazi na wapangaji na watoto huzuia mengi. Hukumu za nchi zote mbili zinasema kwamba mwenye akaunti hawajibiki moja kwa moja kwa kila kinachofanywa na wengine. Lakini ni yeye atakayepokea barua, na ni yeye atakayelazimika kutafuta wakili wa kueleza tofauti hiyo.

Hapo ndipo yanapokutana mafunzo ya nchi hizi mbili. Marekani ilianza kwa kumwachia karani, ikaona kesi za halaiki na utapeli, kisha majaji wakaongeza masharti mmoja baada ya mwingine. Kanada ilitazama ya jirani, ikapunguza faida ya barua kwa kuweka ukomo wa fidia, ilani isiyo na madai, na gharama kwa anayeomba jina. Hakuna iliyofunga njia ya kumfikia mkosaji. Zote mbili zimefikia neno moja la kisheria: jina linalopatikana kwa njia ya namba ni mahali pa kuanzia kuuliza, na mwenye madai bado ana kazi ya kuthibitisha nani alitenda.